Selimundu: ugonjwa wa sekunde chache

Chukua tone la damu ya mtoto mwenye selimundu, liweke juu ya kioo cha hadubini, ongeza tone la sodiamu metabaisalfaiti, dawa ambayo kazi yake hapo ni kuinyang'anya damu oksijeni. Funika kwa kioo chembamba, ziba kingo kwa rangi ya kucha ili hewa isipenye. Kisha subiri.

Ukichungulia mara moja hutaona kitu. Chembe nyekundu karibu zote zimelala duara, zimebonyea katikati kama sahani ndogo, hazina tofauti na zangu wala zako. Rudi baada ya nusu saa. Sasa kuna zilizojikunja kama mundu wa kuvunia mpunga, zenye ncha kali huku na huku, na nyingine zimechongoka pande zote kama mbigili.

Nimefanya kipimo hicho mara nyingi katika miaka yangu ya maabara, na siku zote nilikuwa nakodolea macho mwisho wake tu: mundu upo au haupo, andika, mwite anayefuata. Ile nusu saa ya kusubiri sikuwahi kuiuliza chochote. Hadi siku moja mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye ana selimundu, aliponikazia macho na kikombe mkononi: "Mjomba, kila saa kunywa maji, kunywa maji. Maji yanafanya nini kwenye damu yangu?" Alikuwa na miaka tisa. Nilimpa jibu la mtu mzima mwenye haraka, kwamba yanasaidia damu isigande. Jibu lile halikuwa sahihi. Jibu la kweli limo ndani ya ile nusu saa.

Kwa ufupi ni hivi: damu ya selimundu haibadiliki papo hapo inapopungukiwa oksijeni. Inachelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakomweka mgonjwa hai, na karibu kila kinachomuumiza au kumponya hufanya hivyo kwa kufupisha au kurefusha muda huo.

Herufi moja

Chembe moja nyekundu ya damu imebeba takriban molekuli milioni 270 za hemoglobini, ile protini inayochukua oksijeni mapafuni na kuishusha mwilini. Kila molekuli imeundwa kwa minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizopangwa kwa mfuatano usiobadilika. Kwa mwenye selimundu, ile ya sita imekosewa. Mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini, kwa sababu herufi moja tu ya maandishi ya kinasaba imeandikwa vingine.

Kulijua hilo kulichukua karibu nusu karne. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mgonjwa mwenye chembe za damu za ajabu, zenye umbo la mundu. Mgonjwa huyo alikuwa Walter Clement Noel, kijana wa kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko kwenye molekuli ya hemoglobini yenyewe, na hii ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kufuatiliwa hadi kwenye molekuli moja. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram akiwa Cambridge akaionyesha ile asidi amino moja iliyobadilika.

Valini ina tabia ya kuyakimbia maji, kama mafuta. Ikiwa nje ya molekuli, inatafuta pa kujificha. Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni, umbo lake halina maficho ya kuifaa. Ikishusha oksijeni, molekuli inajipinda kidogo, na kwenye jirani yake kunafunguka kijishimo kinacholingana na valini hiyo. Valini inaingia humo. Molekuli ya pili inashika ya tatu, ya tatu inashika ya nne, na hatimaye unapata uzi. Nyuzi 14 zinasokotana kuwa kamba moja, na kamba nyingi zikilala bega kwa bega ndani ya chembe laini zinaisukuma kuta hadi inakuwa mundu. Anayejua kamba ya katani inavyosokotwa ameshaelewa nusu ya habari.

Nusu ya pili ni muda.

Kuvuka kabla maji hayajajaa

Watu wa pwani wanajua kwenda kisiwani kwa miguu maji yakiwa yametoka. Unavuka, unafanya lako, unarudi, na unachotakiwa kukumbuka ni kitu kimoja: bahari inarudi. Ukiwahi, umelowa nyayo tu. Ukikawia, umenaswa.

Chembe nyekundu husafiri hivyo kila mzunguko. Inatoka mapafuni imejaa oksijeni, inafika kwenye mishipa midogo kuliko yote, kapilari, ambayo mingine ni myembamba kuliko chembe yenyewe, kwa hiyo inabidi ijikunje ipenye. Humo inashusha mzigo wake kwa muda wa kama sekunde moja, inatoka upande wa pili, inaelekea moyoni na kurudi mapafuni kupakia tena. Hatari inaanza pale inaposhusha mzigo. Kuanzia hapo, molekuli za hemoglobini S, yaani ile yenye valini, zinaanza kutafutana.

Katika miaka ya 1970, William Eaton na James Hofrichter wa taasisi za taifa za afya za Marekani walipima jambo hili kwa makini. Walichukua hemoglobini S isiyo na oksijeni ikiwa baridi, wakaipasha joto kwa ghafla, wakasubiri. Walichokiona ni kwamba kwanza hakuna kinachotokea kabisa. Molekuli chache zinashikana na kuachana, zinashikana na kuachana. Kisha kikundi kimoja kidogo kinafanikiwa kukaa pamoja kiasi cha kuwa mbegu, na kuanzia hapo nyuzi zinaota kwa mlipuko. Mwaka 1987 kundi la Eaton likaonyesha maana yake kwa mgonjwa: bila ule ukawiaji wa mwanzo, chembe nyingi zingekuwa mundu kila zinapopita kwenye tishu. Zinanusurika kwa sababu zinawahi kurudi mapafuni kabla nyuzi hazijaota.

Sasa hapa ndipo maji ya mpwa wangu yanapoingia. Watafiti hao waligundua kwamba muda wa kukawia unategemea hemoglobini imekolea kiasi gani ndani ya chembe, na kutegemea huku ni kukali kupita kawaida. Katika kemia tumezoea kwamba ukiongeza kitu mara mbili, mwendo unaongezeka mara mbili, au mara nne. Hapa, hemoglobini ikikolea zaidi kwa asilimia 10 tu, muda wa kukawia unaweza kupungua mara 10 au zaidi. Sikuamini niliposoma mara ya kwanza, nikarudia. Chembe iliyokuwa na sekunde 10 za kuvuka inabaki na sekunde moja, na sekunde moja ndiyo inayohitajika kupita kapilari tu.

Na nini hukoleza hemoglobini ndani ya chembe? Chembe kupoteza maji. Mtoto akicheza mpira juani bila kunywa, akiharisha, akitapika, damu yake inakauka, na chembe zake zinasinyaa kidogo. Kidogo hicho kinatosha. Kwa hiyo mama anayemfuata mwanawe na chupa ya maji uwanjani anamnunulia sekunde, na anaponunua sekunde tano anakuwa amenunua usiku mzima bila maumivu.

Homa inafupisha muda huo, kwa sababu joto linaharakisha kushikana kwa molekuli. Ugonjwa wa mapafu unaufupisha, kwa sababu chembe inaondoka kupakia ikiwa haijajaa. Baridi ni kichekesho cha maumbile chenye uchungu: kwenye chupa ya maabara baridi inachelewesha nyuzi, ila mwilini inabana mishipa ya ngozi na ya viungo, damu inakwenda polepole, na safari inakuwa ndefu kuliko muda uliopo. Wagonjwa wa Njombe, Mbeya au Limuru watakuambia habari za Juni na Julai bila kufundishwa na mtu.

Kuna na kunata. Chembe iliyogeuka mundu ikafika mapafuni hujinyoosha tena, lakini kila mara ngozi yake inaumia, inavuja potasiamu na maji, na inatoa nje vitu vinavyonata. Kuta za mishipa nazo zikiwa na uvimbe zinaota vishikizo. Chembe nyeupe zinajibandika, nyekundu zinazinasa, foleni inaanza. Iliyoko nyuma kwenye foleni imeshashusha oksijeni, haina pa kwenda, na muda wake unaisha hapo hapo. Krisisi ya maumivu huanza namna hii: mshipa umeziba, mfupa uliokuwa ukilishwa na mshipa huo unakosa hewa. Mtu mzima aliyezaa na aliyepata krisisi ameniambia krisisi ni kali zaidi ya uchungu wa kuzaa. Naliandika hilo kwa sababu nimewahi kumsikia mhudumu mmoja akimwambia kijana anayelia wodini kwamba anajiendekeza. Mfupa unaokufa kwa kukosa damu hauendekezwi.

Bandama na figo

Ukishaelewa mbio hizi, unaweza kutabiri viungo gani vitaumia kwanza. Ni vile ambavyo damu hupita taratibu, oksijeni ni haba, na mazingira yana asidi au chumvi nyingi.

Bandama ni cha kwanza. Damu humo inachujwa ikijipenyeza kwenye vijia vyembamba sana, na kwa mtoto mwenye selimundu vijia hivyo vinaziba kimoja kimoja kimyakimya, hata mtoto akiwa bado hajawahi kulia kwa maumivu ya mifupa. Kufikia miaka mitano, kwa wengi bandama limeshasinyaa na kuwa kovu. Bandama ndilo linalokamata bakteria wenye ganda kama numokokasi. Bila bandama, mtoto aliyeamka na homa asubuhi anaweza kuwa mahututi jioni. Hii ndiyo sababu ya penisilini ya kila siku, ambayo wazazi wengi huiona kama dawa ya ugonjwa ambao mtoto hana. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1986, penisilini ya kunywa ilipunguza maambukizi hayo makali kwa asilimia 84, tofauti kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati ili watoto wote wapewe.

Kabla halijasinyaa, bandama linaweza pia kufanya kinyume: kuvimba ghafla na kumeza damu ya mtoto ndani ya saa chache. Mama akifundishwa kulipapasa chini ya mbavu za kushoto, analigundua kabla mtoto hajapauka.

Figo ni habari nyingine, na hii naomba kila mzazi na mwalimu aisome. Sehemu ya ndani ya figo ndipo mkojo unapokolezwa. Ili kuukoleza, mwili umepafanya pawe na chumvi nyingi sana, oksijeni kidogo, na damu ya mwendo wa pole. Ukiwaambia wahandisi wabuni mahali pa kugeuza chembe kuwa mundu, wangekuja na kitu hicho hicho: chumvi inavuta maji kutoka kwenye chembe, hemoglobini inakolea, muda unakatika. Mishipa ya humo inaharibika mapema utotoni, na figo linapoteza uwezo wa kukoleza mkojo. Mtoto anakojoa sana na maji meupe. Usiku anakojoa kitandani, akiwa na miaka saba, kumi, kumi na mbili.

Halafu anachapwa. Au mama anamnyima maji kuanzia saa kumi na mbili jioni ili godoro lipone. Mtoto ambaye figo lake haliwezi kuhifadhi maji ananyimwa maji, analala amekauka, na saa nane za usiku anaamka analia miguu. Nimeona nyumba ambazo hilo limekuwa likijirudia kwa miaka, kwa upendo wote, bila mtu kuunganisha godoro na maumivu. Mwekeeni mpira chini ya shuka, mwamsheni mara moja usiku, na maji apewe.

Wakati huo huo chembe zinavunjika. Chembe ya kawaida huishi kama siku 120; ya selimundu siku 10 hadi 20. Uboho, kiwanda cha chembe kilicho ndani ya mifupa, unafanya kazi mchana na usiku kufidia na bado haufikii, ndiyo maana damu hubaki chini, na macho yana unjano wa mabaki ya chembe zilizovunjika. Hemoglobini inayomwagika nje ya chembe inafyonza naitriki oksaidi, gesi ambayo mishipa huitumia kujilegeza. Mishipa ikikosa gesi hiyo inabana, na mbio zinakuwa ngumu zaidi. Shinikizo la damu la mapafuni kwa watu wazima linahusishwa na jambo hili, pamoja na ile hali ya uume kusimama kwa saa nyingi kwa maumivu, ambayo wavulana wengi huificha kwa aibu hadi inawaharibu. Kijana, ikipita saa mbili nenda hospitali. Daktari ameshaiona.

Malaria inahusikaje

Kwa nini kasoro kama hii haikufutika zamani? Jibu lilipatikana kwetu. Anthony Allison alikulia Kenya, akasomea udaktari Oxford, na mwaka 1949 akarudi na msafara wa utafiti. Alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akaona mpangilio wa ajabu: karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii walibeba kinasaba cha S, katika nyanda za juu katikati, chini ya asilimia 1. Pwani na ziwani ndiko kuliko na mbu wa malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba wanaobeba kinasaba kimoja wanakingwa na malaria.

Hapa pana mkanganyiko ambao unaua watoto. Mwenye kinga ni AS, yaani aliyerithi kinasaba kimoja cha S kwa mzazi mmoja na kimoja cha kawaida kwa mwingine. Huyo haumwi selimundu, na tafiti za Kilifi na kwingineko zinaonyesha hatari yake ya kupata malaria kali hupungua kwa kama asilimia 90. Mwenye SS ndiye mgonjwa, na malaria kwake ni balaa: inampa homa, inamkausha, inamvunjia chembe alizonazo chache. Nimewahi kumsikia baba akisema mwanawe hahitaji chandarua kwa sababu "wa selimundu hawaumwi malaria". Mtoto wa SS alale ndani ya chandarua kabla ya mtu yeyote mwingine nyumbani.

Kinga ya AS nayo inahusu muda. Kimelea kinapoingia kwenye chembe ya AS kinakula oksijeni na kuongeza asidi, chembe inageuka mundu mapema, na bandama, ambalo kwa mtu wa AS ni zima, linaikamata na kuiondoa kimelea kikiwa bado kichanga. Pia vile vishikizo ambavyo kimelea hupenda kuvipachika juu ya chembe ili ijing'ang'anize kwenye mishipa ya ubongo, kwenye chembe ya AS hupachikwa vichache na ovyo. Na mwishoni mwa mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa watoto 3,346 wa Gambia na Kenya waliougua malaria kali. Watafiti walisoma kinasaba cha mtoto pamoja na cha kimelea alichokuwa nacho. Wakakuta kwamba wale wachache wa AS waliougua sana walikuwa wameambukizwa zaidi na vimelea vyenye mabadiliko fulani, kana kwamba kimelea nacho kinajifunza kuruka ukuta huu. Vita hivi vya maelfu ya miaka havijaisha.

Kidonge na mkasi

Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson wa New York aliandika kwamba damu ya vichanga wenye selimundu haigeuki mundu kama ya mama zao. Alibashiri kwamba hemoglobini ya tumboni, ile ambayo sote tunaitumia kabla ya kuzaliwa, inawalinda. Alikuwa sahihi. Hemoglobini hiyo ina mnyororo wa gama badala ya beta, na molekuli yenye gama haisokoteki kwenye kamba. Ikichanganyika na S, inazipunguza zinazoweza kushikana na kuharibu mbegu ya uzi. Muda unarefuka.

Kwa bahati mbaya mwili huizima hemoglobini hiyo taratibu baada ya kuzaliwa. Kufikia miezi sita vidole vya mikono na miguu vinaweza kuvimba, na mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ambayo mama huiona.

Haidroksiyurea, kidonge cha zamani kilichoanza kama dawa ya saratani ya damu, huiamsha kiasi. Pia huzifanya chembe kuwa kubwa na zenye maji zaidi, hivyo hemoglobini haikolei, na hupunguza chembe nyeupe zinazonata. Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima mwaka 1998, lakini huku kwetu madaktari wengi waliiogopa: ikishusha chembe nyeupe, je, haitawaachia watoto wetu malaria na maambukizi? Hofu ya haki kabisa. Jibu lilitoka kwa watoto wenyewe wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukihusisha watoto 606. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Kuongezewa damu kulishuka kutoka 43.3 hadi 14.2. Malaria iliyoogopwa haikupanda, ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1.

Nimezitazama namba hizo kwa muda mrefu. Dawa ni kidonge cha kumeza nyumbani, si sindano ya nchi za mbali, na bado wapo watoto wengi wa SS ambao hawajawahi kuandikiwa. Inahitaji kupima damu mara kwa mara na kurekebisha dozi, hilo ni kweli. Maabara ya wilaya inaweza kazi hiyo.

Kisha ukaja mkasi. Wanasayansi walikuwa wakijiuliza nani anaizima hemoglobini ya tumboni. Mwaka 2007 na 2008, makundi kadhaa yaliyolinganisha vinasaba vya maelfu ya watu yalikutana mahali pamoja, kwenye kinasaba kiitwacho BCL11A. Na utafiti wa wagonjwa wa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako timu ya Profesa Julie Makani imekuwa ikifuatilia kundi kubwa la wagonjwa tangu mwaka 2004, uliona athari ya sehemu hiyo hiyo kwa Watanzania. BCL11A ndiye mzimaji. Ukimnyamazisha ndani ya seli zinazotengeneza chembe nyekundu tu, taa inawaka tena.

Tiba ya Casgevy hufanya hivyo. Seli shina za uboho wa mgonjwa zinachukuliwa, zinapelekwa maabara, teknolojia ya kukata vinasaba ya CRISPR inaikata swichi ya BCL11A inayofanya kazi kwenye chembe nyekundu, kisha zinarudishwa. Ile herufi iliyokosewa haiguswi. Mgonjwa anabaki na S yake, ila gama imerudi kumlinda. Victoria Gray, mama wa watoto wanne wa jimbo la Mississippi, alikuwa wa kwanza Marekani kuipata kwa selimundu, mwaka 2019. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, Marekani Desemba 2023. Kati ya wagonjwa 31 waliokuwa wamefuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila krisisi kali.

Ni ushindi mkubwa, na gharama yake lazima isemwe. Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupewa dawa kali ya busalfani kuusafisha uboho wa zamani, inayoweza kumnyima uzazi. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kwa Tanzania, ambako inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, zidisha mwenyewe.

Si kila wazo zuri limefaulu. Voxelotor ilibuniwa kuifanya hemoglobini ishike oksijeni kwa nguvu zaidi, kwa hesabu kwamba isiposhusha haitashikana. Kiwango cha damu kilipanda kweli, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2019. Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote baada ya takwimu kuonyesha kwamba krisisi na vifo vilivyohusiana nazo vinaweza kuzidi manufaa. Damu nyingi kwenye karatasi ya majibu haikuwa sawa na tishu kupata hewa. Kwa waliokuwa wakiitumia na kuiamini, ilikuwa pigo.

Kabla ya miezi sita

Dunia nzima, makadirio ya mwaka 2021 yanataja watoto 515,000 waliozaliwa na selimundu mwaka huo, zaidi ya robo tatu yao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Wote wanazaliwa wazima. Kwa miezi michache hemoglobini ya tumboni inawashikia lango, na huo ndio wakati wa kuwajua, kuanza penisilini na chanjo, kumfundisha mama kupapasa bandama, na baadaye kuanza haidroksiyurea kabla figo na bandama havijaharibika.

Vipo sasa vipimo vidogo kama vile vya malaria: tone la damu ya kisigino, robo saa hivi, na kijistari kinaonyesha kama ni AA, AS au SS, hata kwa mtoto wa siku moja. Vinastahili kuwa kwenye kila wodi ya wazazi, karibu na mizani ya kupimia vichanga.

Nasema hivyo nikimkumbuka mama mmoja aliyewahi kuja maabara na mtoto wa wiki tatu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amefariki, na alitaka kujua kuhusu huyu. Nilichukua tone, nikaongeza dawa, nikaziba kingo kwa rangi ya kucha, nikasubiri nusu saa. Chembe zote zilibaki duara. Nikaandika hasi, mama akashukuru akiwa analia, akaondoka. Hemoglobini ya tumboni ilikuwa bado imejaa kwenye damu ya mtoto yule; damu hiyo isingeweza kugeuka mundu hata kama mtoto angekuwa na selimundu. Miezi saba baadaye alirudi amembeba mgongoni, mikono yote miwili imevimba.